Sahihi ya Maître Athanase

Majuma matatu. Hayo tu ndiyo yaliyombakia Simone amalize stage, ile miaka miwili ya kujifunza kazi chini ya wakili mkubwa, naye awe wakili kamili. Lakini patron wake, yaani wakili huyo aliyemfundisha, Maître Athanase, alikuwa ameketi juu ya godoro kwenye kituo cha treni cha Likasi, akingoja kupelekwa Kasai ambako hajaishi hata siku moja. Ulikuwa mwaka 1993. Wakasai, watu wa asili ya Kasai kama yeye, walikuwa wakifukuzwa mjini, na nyumba yake ya Shituru ilikuwa imeshaingiwa na watu wengine.

Simone alimpa karatasi na kalamu. "Maître, andika tu stage imeisha. Weka tarehe ya mwezi unaokuya."

"Ile tarehe bado kufika."

"Na weye utakuwa mbali, Papa."

Mzee aliandika taratibu, utadhani yuko ofisini. Simone akasoma: stage imekatizwa leo, kwa sababu patron amefukuzwa mjini kwa ajili ya kabila lake.

"Toa ile sababu. Nakuomba."

"Karatasi ya avocat bila sababu ni ya nini? Minye nilikufundisha nini?"

Treni ikaja. Mzee hakumpungia mkono, mikono yote miwili ilishika godoro.

Simone alikimbia kwa Maître Jean-Luc, wakili mwingine wa mjini, aliyekubali kummalizishia yale majuma matatu. Jean-Luc alisoma, akaenda kufunga dirisha.

"Minye sikatae, mwana. Lakini wakiona haya maneno kwangu, watanichomea nyumba. Kata ule musitari, halafu ulete."

Nje, Simone alitoa wembe. Tusimseme vibaya, mama yake aliuza cherehani ili yeye asome. Ndipo alipoona. Sahihi ya mzee ilianzia ndani ya neno la mwisho, mkia wake ukapita juu ya "kabila" na "amefukuzwa". Usiache nafasi kati ya maneno na sahihi, mzee alimfundisha siku ya kwanza, mtu asije akapenyeza uongo wake. Kukata sababu kulikuwa kukata sahihi.

Alimchukia mzee yule kwa roho yake yote. Halafu akalia, maana siku hiyo ya kwanza mzee alimpa kiti chake mwenyewe aketi. Akaikunja karatasi mara nne. Miaka yake miwili ilikuwa mle, mizima, na Likasi yote haikuwa na ofisi ambako angethubutu kuionyesha karatasi ile.