Kesi ya Fundi Cherehani

Saa tatu kasorobo hakimu alitundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango, akapangusa miwani, akaingia mahakamani. Watu wote wakasimama. Alipoketi nao wakaketi, isipokuwa fundi cherehani, aliyekuwa tayari kizimbani. Fundi alikuwa amefariki wiki mbili nyuma huko rumande, kwa homa ya mapafu.

Karani alitangaza kwamba mshitakiwa yupo, akatia alama ya vyema daftarini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuandika nani amekuja, na fundi alikuwa amekuja.

Fundi alishitakiwa kwa kuiba cherehani ya mke wa bwana mkubwa mmoja. Hakimu alijua tangu siku ya kwanza kwamba hakuiba, kwa sababu ndani ya jalada mlikuwa na karatasi ya yule mama, kwa mkono wake mwenyewe, inayomwomba fundi amrekebishie mashine. Lakini mpelelezi hakutokea kutoa ushahidi, na mwendesha mashitaka akaomba tarehe nyingine. Hakimu alikuwa mgeni kazini, mkewe mjamzito, na aliogopa kutupwa kituo cha mbali. Akatoa tarehe. Baada ya hapo akatoa nyingine.

Kesi ya marehemu hufungwa kwa cheti cha kifo, na gereza lilikataa kutoa cheti kwa mtu anayehudhuria mahakamani kila mwezi. Fundi mwenyewe hakutaka ifungwe.

"Mheshimiwa, sikuja kufutiwa kesi," alisema. "Nataka kusikia sina hatia, na mwanangu asikie."

Mwanawe alikuwa binti wa miaka minane, naye shuleni walimwita mtoto wa mwizi.

Miaka ikaenda. Hakimu akapanda cheo mara mbili, akaota mvi na kitambi, akahamia jengo jipya lenye feni, na jalada likamfuata. Fundi alibaki na miaka yake thelathini na sita, uzi mweupe umemganda kwenye kola. Binti alikuja na sare ya shule, kisha na mtoto mgongoni. Alirithi kazi ya baba yake, na wateja waliokuja kuchukua nguo zao walihesabu vifungo mbele yake. Mwishowe akampita baba yake umri. Bado alimwamkia shikamoo, na baba mtu akaitikia marahaba.

Jumapili moja hakimu aliandika hukumu, ukurasa mmoja tu. Mkewe aliisoma huku akimenya vitunguu.

"Baba Watoto, utatutoa kwenye nyumba ya serikali," akasema.

Hukumu ikaingia kwenye droo ya soksi.

Siku ya mwisho kabla ya kustaafu, hakimu aliitia mfukoni. Chumba cha pili walikuwa wanapanga soda na viti vya sherehe ya kumuaga. Bwana mkubwa alikwisha kufa zamani, ila yeye hakurudi kumsumbua mtu. Mpelelezi alikuwa anafuga kuku. Hakukuwa na wa kuogopwa tena.

Mwendesha mashitaka, msichana aliyezaliwa kesi ikiwa tayari mahakamani, akasimama kusema mpelelezi hajafika, anaomba tarehe nyingine. Hakimu aliigusa ile hukumu mfukoni. Akiisoma, wote watamuuliza ilikuwa wapi miaka thelathini na mmoja. Aliona aibu, aibu ya kweli, hadi masikio yakamwaka moto. Akatoa mkono mfukoni.

"Kesi itatajwa tarehe kumi na nne mwezi ujao."

Binti alisimama akiegemea benchi. Alikuwa amekonda sana, miguu imemvimba.

"Mheshimiwa, mimi figo zimekwisha. Daktari ameniambia mwezi ujao sitaufikia."

Hakimu alifungua jalada, akalifunga. Fundi akainama juu ya ukingo wa kizimba, akamshika binti yake bega.

"Utafika, mwanangu," alisema. "Hata mimi niliambiwa hivyohivyo."

Binti akaitika kwa kichwa, akamwomba karani amwandikie tarehe kwenye kikaratasi. Karani akamwandikia, kisha akaita kesi iliyofuata.