Mashine Isiyomjua Cassien

Pale Base Camp, katika kambi ya wakimbizi, hakuna aliyeipinga mashine ya kusoma vidole kama mzee Cassien. "Mutu si mbuzi wa kutiwa alama," aliwaambia wenzake sokoni. Jirani yake Thaddée alipotangulia kutoa vidole, Cassien alimcheka mwezi mzima. Yeye mwenyewe alikubali mwisho kabisa, amenuna, mkewe Concilie akimsukuma mgongoni.

Sasa mjukuu wao wa kwanza alikuwa anabatizwa Jumapili huko mjini Mbarara, kwa binti yao Alida aliyeolewa mtaa wa Nyamityobora. Kutoka kambini kulitaka kibali, na kibali siku hizi kilitolewa na mashine ileile.

Ijumaa asubuhi, kwa heshima ya ofisi, Cassien aliusugua udongo wa shamba utoke vidoleni kwa majivu na jiwe, hadi viganja vikang'aa. Kidole cha Concilie kilipita mara moja. Chake kilikataliwa mara sita.

"Mzee, umejifuta mwenyewe, mistari ya kidole imeisha," alisema Evas, karani wa vibali.

"Lakini wewe unanijua!"

"Nakujua sana, kila wiki unanigombeza. Lakini hii kitu haisikii mimi. Iko kwa mkono yangu, inasikia tu wale waliitengeneza."

Cassien alifungua mdomo atoe hotuba, maana hoja aliyoipigania siku zote alikuwa amepewa bure na karani. Akamkumbuka mtoto, akaufunga. Ilimuuma. Aliyekataa kujulikana na mashine sasa alitamani imjue, walau mpaka Jumapili.

Ilibaki njia moja: mtu anayeaminiwa na mashine aweke kidole chake kumdhamini. Mke hakuruhusiwa. Na nyuma yao kwenye foleni, nani kama si Thaddée, meno yote nje.

"Sema kwanza: mashine iko muzuri."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mgongo wa Cassien ulikuwa mgumu. Concilie akamkanyaga mguu. Neno moja tu la uongo, afike ubatizoni, nani angemlaumu?

"Mashine iko mubaya," alisema. "Na mimi nilikucheka bure, Thaddée. Wewe ndiye muzuri. Unisaidie."

Thaddée alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akaweka kidole.

"Andika kibali, madamu," alimwambia Evas. "Angeisifu, ningekuambia huyu si Cassien."