Samaki Wako Nyuma Yako

Trauti wa Hood Canal, mkono mwembamba wa bahari, ana michirizi miwili myekundu chini ya taya, kama aliyechinjwa akaamka akaenda zake. Samaki wa namna hiyo anastahili heshima, na Orrin Tveit alimheshimu kwa ibada kuu kuliko zote za wavuvi wa huko: aliwadanganya watu kuhusu mahali anapopatikana.

Alimdanganya mchungaji wake. Alimdanganya daktari wa meno, mikono ya daktari ikiwa bado kinywani mwake. Asubuhi hiyo ya Oktoba zamu ilimwangukia shemeji yake, Lyle Haugen, mume wa dada yake Signe, mtu wa Spokane kusiko na bahari, aliyekuwa akimbembeleza tangu kiangazi wavue pamoja.

Ukweli ni kwamba trauti huyu hapendi kina. Hupita ukingoni, juu ya chaza, kwenye maji ya magotini, akiwafukuzia visamaki wanaoingia na maji kujaa. Mgeni hujitosa hadi kifuani, akatupa ndoano mbali kwa nguvu zake zote, na samaki wakampita kwa nyuma. Kwa hiyo Orrin alimwonyesha Lyle fungu la changarawe lililojitokeza mbele, ng'ambo ya mkondo uliokuwa karibu kukauka, akamwambia asimame pale kwenye ncha na atazame vilindini.

"Na ukisikia wanaruka," akaongeza, kwa kuwa uongo usiotiwa chumvi haunogi, "ujue huko ndiko kwenye kina kirefu. Usiwafuate."

"Nikipata mkubwa kuliko wako utalia, shemeji."

"Leso ninayo."

Lyle akavuka na suruali yake mpya ya mpira iliyomfika kifuani, akipiga mluzi. Orrin akabaki kwenye chaza, kijito kilipoingilia baharini, akicheka hadi mabega yakamtikisika.

Ukungu ukashuka. Ulianza kuimeza misonobari ya ng'ambo, ukalimeza fungu, ukammeza Lyle, ukaacha mluzi. Orrin hakujali. Maji yalikuwa yamegeuka, na samaki walikuja nayo. Alimnasa mmoja, akamrudisha majini kama sheria inavyotaka, akamnasa mwingine. Bila kufikiri alikuwa akirudi nyuma kidogo kidogo, kama wafanyavyo wenyeji, mpaka chupa yake ya kahawa, aliyoiacha juu ya jiwe, ilipompita ikielea, akaidaka.

Ndipo alipoukumbuka mkondo. Fungu lile halivamiwi kwa mbele. Maji hulizunguka kimyakimya, yakaujaza kwanza mkondo ulio nyuma, na anayetazama vilindini ndiye wa mwisho kujua. Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote, na maji ya Oktoba humlegeza mtu miguu kabla hajamaliza kutubu.

Mluzi ulikuwa umekoma.

Orrin akaita. Lyle akajibu, na sauti yake ikatoka kushoto, kisha kulia. Alisema maji yamemfika kiunoni, ufuo hauoni, na kila akiitwa ni kama anaitwa kutoka pande zote. Aliyasema hayo kwa utulivu, na utulivu huo ndio uliomtia Orrin baridi.

Hapo, miguuni pa Orrin, trauti akaruka. Chubwi. Akaruka mwingine, na mwingine tena, ufuo mzima ukijitangaza kwa sauti ambayo hata ukungu haukuweza kuipoteza.

"Nawasikia samaki," Lyle akasema. "Basi naenda upande mwingine, kama ulivyoniambia."

"Usiende huko. Wafuate."

"Ulisema ndiko kwenye kina."

"Nilikudanganya."

Chubwi.

"Unanidanganya sasa, au ulinidanganya wakati ule?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Orrin ilifika hadi kwenye fungu, na sasa ilikuwa chini ya maji.

"Wakati ule," akasema. "Wako hapa, Lyle. Juu ya chaza, kijito kinapoingilia. Miaka yote wako hapa. Hata Signe sijapata kumwambia."

Alisimama akisikiliza mishindo ya maji, asijue upi ni wa samaki na upi wa mtu. Kisha mmoja ukawa mzito kuliko mingine, ukakohoa, na kutoka kwenye weupe kikatokea kidevu, kisha mabega, kisha Lyle mzima, hana kofia, hana fimbo ya kuvulia, midomo ya buluu, suruali imejaa maji na inamvuta chini kama mdai. Trauti waliruka kumzunguka.

Orrin alimburuta hadi juu, akamvua suruali ile, akamvika koti lake, akampa kahawa iliyoelea. Lyle aliimaliza yote. Yeye hutukana hata taa za barabarani, lakini hakutukana. Alikitazama kijito, akazitazama chaza, taratibu, kama mtu anayekariri.

"Kwetu Spokane," hatimaye akasema, "Januari ziwa likiganda, tunatembea juu ya barafu, tunatoboa, tunavua. Lazima uje, shemeji."

Orrin akasema atafurahi.

"Nitakuonyesha mimi mwenyewe," Lyle akasema, akimrudishia kikombe, "mahali pazuri pa kusimama."