Hapa Haimbi Mtu Peke Yake

Katika mkoa wote wa Guria, ambako kila mtu huimba, hapakuwa na mvulana mwenye sauti nzito kama Bachana, ila darasa la Kiingereza lilikuwa halijawahi kuisikia. Ijumaa asiposoma ukurasa mmoja mbele ya mkuu wa shule, angerudia darasa. Na baba yake alishaapa: ukirudia, shule basi, ukachume chai.

Mwalimu wao wa Kiingereza, Nestani, mgeni bado kazini, alikosa raha. Alibandika picha za hadithi ya ukurasa huo ukutani: mlima, msafiri, mbwa aliyefungwa kwenye theluji. Akawachezea rekodi ya mvumo wa upepo. Wanafunzi wakaigiza kila sentensi kwa mikono. Mwisho akawagawia mistari kama watu wagawanavyo wimbo karamuni: sauti ya juu, ya kati, ya chini kabisa. Hapo Bachana akafumbua mdomo.

"Kumbe ulimi unao!" Tsiala, jirani yake wa dawati, akamtania. "Tulidhani umeuuza."

"Niliuweka usichakae kama wako."

Ijumaa picha zilibanduliwa. Bwana Vladimer, mkuu wa shule, akakunja mikono. "Asome peke yake."

Bachana akasimama. Akaanza neno la kwanza, akaliacha katikati. Nestani akainamisha macho, hakuweza kumtazama.

Ndipo Tsiala akaanza kuvumisha sauti moja, midomo imefungwa. Akaingia wa pili, wa tatu, darasa zima. Hawakuwa wamepanga. Guria, kumwacha mtu aimbe peke yake ni sawa na kumwacha ale peke yake.

"Nani kawaruhusu?" Bwana Vladimer akafoka.

"Hatumwambii hata neno, mkuu," Tsiala akajibu. "Tunamshikilia tu."

Na Bachana alikuwa ameshaanza. Alisoma kwa kusuasua, kidole kikifuata mistari, juu ya ule mvumo, hadi nukta ya mwisho.

"Kasuku naye husema," mkuu akanung'unika. "Umeelewa nini?"

Bachana akapiga kitabu kofi. "Huyu msafiri mpumbavu, mkuu! Kaona theluji inakuja. Kwa nini hakumfungua mbwa?"

"Kitabu hakisemi."

"Ndiyo maana nauliza! Nimerudi nyuma nikatafuta, sikuona."

Bwana Vladimer akauvuta ukurasa, akausoma mwenyewe, polepole. Kisha akasogeza kiti.

"Mwaka ujao utaendelea na wenzako," alisema. "Sasa kaa hapa, mwanangu. Ulitafuta kwenye mistari ipi?"