Mji Aliopewa Benon

Hakuna jambo lililomkera Maneno mwaka huo kama kumsikia Benon akisema "iko". Iko mtu, iko mvua, iko ng'ombe, kwa Benon kila kitu kilikuwa "iko". Maneno alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, Kigali, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani na marobota yake ya kitambaa cha marekani, na Kiswahili alikikuta nyumbani kama alivyokikuta kitanda. Benon alikulia Uganda, akaja Kigali mtu mzima, akapata kazi katika ofisi moja ya bima, na Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wa malori. Halafu mtu huyo huyo anakaa kwenye mkeka wa Maneno, ndani ya duka la Maneno, anafungua kinywa, na watu wanaacha chai ipoe.

Na mchezo wenyewe ulikuwa wa Maneno. Hilo lijulikane kabla hatujafika mbali.

Miaka miwili nyuma alikuwa amepeleka suti mtaa wa kitajiri wa Kiyovu, akawakuta vijana mkahawani wakicheza mchezo wa ng'ambo, wenye vitabu vinene na dadu za pande ishirini. Kila mmoja alijifanya mtu mwingine, na mmoja wao akasimulia yanayowapata. Maneno alirudi nyumbani amekasirika. Vitu hivyo vinaletwa kwa ndege, na sisi viungo vyote tulikuwa navyo jikoni! Watu wa pwani walikuwa na vitendawili: aliyeshindwa kufumbua anaambiwa "nipe mji", anatoa mji, na aliyepewa anausafiri kwa ulimi wake, anasimulia alivyopokewa na alichokula. Wanyarwanda walikuwa na kujivuga, mtu anasimama anataja jina lake la vita na makuu aliyoyafanya, mengine ya kweli na mengine tuyaache. Na igisoro lilikuwepo, ubao wa mashimo na kokwa zake. Je, kama mwaka 1911, Kigali ikiwa bado vibanda vichache na maduka ya kuhesabika, mtu mmoja angeviunganisha vyote vitatu, ingekuwaje? Maneno alijua fika kwamba hakuna aliyeviunganisha. Basi akaviunganisha yeye, akajiambia amechelewa miaka mia na kitu tu, si neno.

Kila Jumapili alasiri mlango wa duka ulirudishwa nusu, na ndani ukawa mwaka 1911. Kila mchezaji alijivuga na kuwa mtu wa zama hizo. Penye hatari alichota kokwa kwenye shimo la igisoro: zikigawanyika mbili mbili amepona, ikibaki moja ameumia. Msimulizi aliitwa mwenye mji, na mji haukupatikana ila kwa kitendawili. Ukishindwa, unatoa mji mmoja katika ile uliyo nayo. Na sheria ya mwisho, ambayo Maneno aliipenda kuliko zote, ilikuwa hii: mji ukishautoa, huzungumzi tena habari zake, hata neno moja, si mchezoni wala njiani.

"Mji uliotoa si wako," alisema siku ya kwanza, kidole juu. "Hata mke uliyemwacha, humpangii cha kupika."

"Umepanga kumwacha nani?" aliuliza Aidah, mkewe, ambaye aliuza chai na chapati chumba cha pili na ndiye aliyekuwa mchezaji wa kwanza.

Mchezaji wa pili alikuwa Ikirezi, muuguzi aliyekaa Kibagabaga, ambaye Maneno alimshonea sare akamwingiza mchezoni siku hiyo hiyo. Kwa watatu hao mambo yalikwenda vizuri. Maneno aliwapeleka Tabora, akawapeleka Ujiji, akawapeleka Bukoba, miji sita yote mali yake, na Ikirezi akawa anasema hakuna mtu Kigali anayesimulia kama Mzee Maneno. Alilisema hilo mara tatu. Maneno alizihesabu.

Kisha Ikirezi akamleta Benon.

Siku ile ya kwanza mgeni aliomba atege yeye. Akaanza kwa Kinyarwanda, "Sakwe sakwe!" Wenzake wakajibu "Soma!" Ndipo akahamia kwenye kile Kiswahili chake: "Kila siku iko nakunywa maziwa, lakini hainenepe."

Maneno akajibu paka. Akajibu mtoto mgonjwa. Akajibu shemeji yangu, watu wakacheka, lakini jibu lilikuwa icyansi, kile chombo cha mti cha kukamulia maziwa, na mtoto wa Biryogo angekijulia wapi?

"Mzee, nipe mji," akasema Benon kwa adabu.

Maneno akachungulia miji yake sita akatoa ule asioutaka. "Nakupa Nyabugogo. Ya mwaka 1911. Hakuna stendi bado, hakuna mabasi, hakuna soko." Akaiga sauti ya mgeni. "Iko matope."

"Asante, mzee," akasema Benon. "Matope iko mzuri."

Sasa sikilizeni mtu alivyoyatumia matope hayo. Nyabugogo ya Benon ilikuwa bwawa la mafunjo, na katikati yake bibi mmoja, Kaze, aliwavusha wapagazi kwa chelezo. Hakutaka shanga wala nguo. Alitaka kila anayevuka amtaje mtu mmoja aliyemwacha nyumbani bila kumuaga. Ikirezi alipofika kwenye chelezo, akiwa mganga wa mitishamba wa mwaka 1911, alitaja jina la babu yake wa kweli. Aidah akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Maneno akasema chai imeingia moshi.

Jumapili ya tatu, mzigo mmoja ulifika bwawani ukielea peke yake, bila mpagazi. Ulikuwa umezungushiwa marekani na kushonwa pande zote kwa mshono wa karibu karibu. Asubuhi wanaume wanne hawakuweza kuunyanyua. Jioni mtoto angeubeba kwa mkono mmoja. Ikirezi aliugusa, akachota kokwa, zikagawanyika vizuri, na Benon akamwambia kwa sauti ya chini, "Iko na joto. Kidogo tu. Kama kitanda mtu ametoka sasa hivi."

Hawakuufungua Jumapili hiyo, wala iliyofuata. Kila wakikaribia, jambo jingine lilizuka bwawani na jua likashuka.

"Hila za michezo ya redio," Maneno alisema watu walipoondoka. "Anawachelewesha tu."

Lakini yeye mwenyewe mzigo ulimkaa. Mzito asubuhi, mwepesi jioni. Aliufikiria akipima viuno vya watu. Aliufikiria akikanyaga cherehani, mpaka akashona mfuko wa kanzu ya bwana harusi ukafungwa kabisa, na bwana harusi akaja na maneno yake. Katika mji ule Maneno pia alikuwa fundi, na aliujua mshono ule kama anauona: sindano nene, uzi wa katani, mkono wa mtu aliyekuwa na haraka. Alfajiri moja, mbele ya chai, alishindwa kujizuia.

"Wewe unadhani mna nini mle?"

Aidah aliweka kikombe chini. "Kwani si ulisema ni hila za redio?"

Wivu ndivyo ulivyo, unamchukia mtu na huku unamsubiri Jumapili. Maneno alichukia Benon anavyopendwa, na alichukia zaidi kwamba yeye mwenyewe, kila Benon aliposhusha sauti, alijikuta amesogea mbele kwenye mkeka.

Mambo yaliharibika habari ya Kiyovu ilipokuja. Hoteli moja ilitangaza siku ya michezo ya mezani katika bustani yake, na walitaka makundi yalete michezo kana kwamba ilibuniwa hapa nchini miaka mia iliyopita. Ungesema tangazo limeandikwa likimwangalia Maneno usoni. Ikirezi alipeleka jina la kundi, wakakubaliwa: meza moja, msimulizi mmoja, Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Maneno alijishonea koti. Alikuwa amefika kwenye vifungo Ikirezi alipopita dukani.

"Mzee Maneno, game ni yako, kila mtu anajua," alisema. "Wewe utaeleza sheria, watu wasikie Kiswahili cha kweli. Halafu Benon naye ataendesha Nyabugogo. Ile mzigo tuifungulie pale pale, mbele ya watu. Itakuwa mzuri rata, mzuri kabisa!"

Maneno alimtazama mkewe. Aidah alikuwa anakanda unga, na hakuinua kichwa haraka.

"Ndiyo mji mzuri tulio nao," akasema.

Hata mke wangu, Maneno aliwaza. Ilimwuma mahali ambapo hakujua pana nyama. Mimi nieleze sheria kama karani, kisha nikae pembeni nimsikilize huyo akiwaambia wageni iko, iko, iko, na wapige makofi kwa matope niliyompa mimi.

Jumapili, watu walipoketi, Maneno hakungoja chai. "Kabla ya kuanza, nina kitendawili. Kwa Benon."

Ikirezi akafurahi, akidhani ni mchezo. "Tega!" wote wakasema.

"Nampanda, wala haendi. Ana meno, wala hali."

Benon akafikiri kwa bidii, maskini. "Baiskeli iko na pancha? Ile gurudumu iko na meno."

"Si hiyo."

"Mlima? Mawe ndio meno?"

"Si huo."

"Mzee mwenye nyumba yangu?" alisema Benon, na Ikirezi akacheka. Maneno hakucheka.

Jibu lilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao unachokikalia kikiwa na chuma cha meno mbele. Katika mtaa mzima kilikuwepo kimoja, cha bibi yake Maneno, kimetundikwa ukutani nyuma ya jiko la Aidah na hakijaona nazi miaka mingi. Maneno alipolitaja jibu, Ikirezi akauliza hiyo ni nini, na Aidah akaeleza polepole huku akimkazia mumewe macho.

"Hicho si kitendawili," akamwambia. "Hicho ni mtego wa panya."

"Icyansi nacho kilikuwa nini? Sheria ni sheria. Benon, nipe mji."

Benon alikuwa na mji mmoja tu. Aliweka mikono kwenye magoti. Maneno alidhani atabisha, na alikuwa ameandaa la kujibu, tena kali. Benon hakubisha.

"Nakupa Nyabugogo, mzee," akasema. Akatoka pale alipokaa, mbele ya ubao wa igisoro, akasogea upande wa wachezaji.

Maneno akakaa mahali pake. Alikuwa ameshinda, na kwa muda wa kunywa funda moja la chai raha ilikuwa kamili.

"Haya," akasema Aidah. "Fundi wa huko hayupo tena, maana mwenye mji hachezi. Mimi ndiye nitakayefumua." Akajifanya ameshika kisu. "Nakata uzi. Ndani mna nini?"

Duka zima likamgeukia Maneno.

Na Maneno hakujua. Miji yake mingine mitano ilijaa sultani na misafara na pembe za ndovu, aliijua kwa majina ya milango, lakini katika Nyabugogo alikuwa msikilizaji wiki zote hizo. Alikuwa amesubiri kuambiwa. Alimtazama Benon bila kutaka, kama mtoto anavyomtazama mkubwa, na Benon akainamisha kichwa kwa sababu sheria ilimkataza hata kukonyeza.

"Ndani," Maneno akasema, "mlikuwa na pembe za ndovu."

"Pembe za ndovu," Ikirezi akarudia. "Na jioni inakuwa mwepesi kwa nini, mzee?"

"Uchawi."

"Na ile joto?"

"Si nimesema uchawi?"

Aidah akaacha kile kisu kisichokuwepo. Ikirezi akasema sawa, akatazama simu yake. Usoni kwa Benon palipita kitu kidogo, mkunjo wa haraka kwenye kona ya jicho, kikafichwa. Maneno alikiona. Haikuwa dharau, afadhali ingekuwa dharau. Ulikuwa mkunjo wa mtu aliyesikia kwamba Maneno hakukisia hata karibu.

Waliendelea nusu saa, kisha Ikirezi akakumbuka ana zamu. Benon alipotoka, Maneno alimfuata barabarani. Pikipiki ilikuwa imeshasimama, na Benon anafunga kofia.

"Benon. Niambie."

"Nini, mzee?"

"Unajua nini. Mle ndani."

Benon aliishika kofia kwa mikono miwili.

"Naifuta ile sheria," Maneno akasema upesi. "Niliitunga mimi, naifuta mimi. Sasa hivi, hapa."

"Oya, mzee, hapana." Benon alitikisa kichwa, na sauti yake ilikuwa ya upole uliomwudhi Maneno kuliko tusi. "Mimi nilikuja kwa game nyingi hapa Kigali. Hii yako ndio iko na sheria ya kweli. Kama leo nasema, kesho kila mtu atatoa mji na mdomo mmoja na kurudisha na ingine. Wewe shinda Jumamosi. Nitakuja kupiga makofi."

Akapanda, akaondoka, mzigo uko kichwani mwake chini ya kofia ya bodaboda, unakwenda zake nyumbani. Maneno alisimama akaitazama taa nyekundu mpaka ikaingia kwenye kona. Alikuwa amemwonea Benon wivu kwa kupendwa, akadhani hakuna wivu unaozidi huo. Kumbe upo. Benon alijua, na yeye hatajua, na mji ulikuwa wake.

Aliporudi ndani, Aidah alikuwa anakunja mkeka. Alirudisha kokwa kwenye mashimo moja moja, kazi ambayo siku zote waliifanya wawili.

"Na mimi nilitaka kujua," akasema, wala hakumwangalia.