Trei ya Beng Swee

Masharti yalikuwa matatu, na aliyeyaweka ni binti yake mwenyewe. Mzee Khoo Beng Swee apange foleni kwa miguu yake, abebe trei yake mwenyewe mpaka mezani, kisha ale supu ya tambi na kamba kwa vijiti, kwa mkono wa kulia, bila msaada wa mtu na bila kumwaga. Akiweza, atarudi kuishi peke yake kwenye nyumba yake ya ghorofa ya nne. Akishindwa, atabaki kwa binti, kwenye kile chumba cha wageni chenye mapazia ya zambarau, na habari ya kurudi kwake isizungumzwe tena.

Mkono wa kulia ndio uliokuwa kesi. Kiharusi kilimpata siku chache baada ya sikukuu ya mwaka mpya. Kilimwachia miguu, ingawa wa kulia aliuburuza kidogo, kikamwachia na ulimi, lakini mkono kiliondoka nao nusu. Kwa miezi minne binti, Siok Fen, alimfunga vifungo vya shati, akamnyoa ndevu, akammenyea mayai na machungwa, akamlisha uji wa mchele kwa kijiko. Fundi aliyefungua giaboksi za mabasi kwa miaka thelathini na nane akawa analishwa kama kifaranga. Hakulalamika, maana binti aliyafanya yote kwa upendo, na upendo ukikujia na kijiko mkononi huna pa kuukimbilia. Lakini roho ilimuuma. Kila siku alijifungia chooni nusu saa akifinya mpira wa tenisi na kuokota maharage kwa vijiti, mpaka mkwewe akaanza kumnunulia dawa za tumbo.

Mkwe ndiye aliyeuliza kwa nini mzee asiletewe hiyo supu nyumbani, mambo yaishe. Ni mgeni wa mambo, tumsamehe. Mama Gek Noi, mwenye kibanda cha supu hiyo, hafungi chakula cha kubeba. Kwake tambi zikitiwa kwenye mfuko zimekufa, naye haui wala hauzi maiti. Anayeitaka supu yake aifuate, apange foleni, aile pale pale ingali inafuka moshi.

Jumapili saa nne asubuhi wakafika kwenye ukumbi wa vibanda vya chakula, baba mbele, binti nyuma. Mlangoni alikuwepo yule mama wa kiti cha magurudumu anayeuza tishu, pakiti zenye picha ya waridi. Siok Fen akanunua nne. Beng Swee akazihesabu zikiingia kwenye mkoba.

"Nne za nini?" akauliza.

"Zitatumika tu, Baba."

Jibu lile lilimchoma. Mtu anayenunua pakiti nne za tishu kabla supu haijapakuliwa ameshaamua itaishia wapi, nayo ni sakafuni. Akameza hasira yake akaingia.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Mapangaboi yalizunguka juu bila kumpoza mtu, na harufu ya vichwa vya kamba vinavyokaangwa ilimpokea mlangoni, akasimama kidogo aivute. Siok Fen alizungusha macho, akaona babu mmoja na mjukuu wake wakinyanyuka kule mwisho kabisa, kando ya nguzo, karibu na sinki la kunawia. Akakimbia, akatupa pakiti ya tishu juu ya meza. Pale ukumbini pakiti ya tishu juu ya meza ni sawa na hati ya nyumba. Mwenyewe anaweza kuwa amekwenda foleni, amekwenda msalani, hata amekwenda kuoa, meza itabaki yake. Watu watazunguka na mabakuli ya moto mikononi, wataitazama kwa uchungu na kuulaani ukoo wa mwenye tishu, lakini kukaa hawakai.

Beng Swee aliipima njia kwa macho, kutoka kibandani mpaka kwenye ile nguzo. Hatua hamsini, pengine sitini, katikati ya viti, mikoba na watoto. Akamwambia binti akakae, akajipanga nyuma ya watu thelathini.

Hakujua kwamba adui yake wa kwanza asubuhi ile angekuwa wema wa watu. Mama mmoja alimwona anavyouburuza mguu, akataka kumpa nafasi yake mbele. Akakataa. Mwingine, muuguzi kwa mavazi yake, akamletea kigoda. Akakataa. Wa tatu akajitolea kumbebea trei wakati ukifika, na alikuwa na sura ya kutokubali kukataliwa. "Mjomba, huo mkono unatetemeka," akasema. Beng Swee akamjibu kwamba mkono unatetemeka kwa hamu, kwani hajala siku nyingi.

"Mwache huyo, dada," sauti ikasema nyuma yake. "Alianza kutetemeka tangu siku ya harusi yake."

Alikuwa Kim Tiong, aliyeendesha basi namba saba wakati Beng Swee akilitengeneza, na aliyeliharibu mara nyingi kuliko lilivyotengenezwa. Walikuwa hawajaonana tangu hospitali. Hawakusalimiana kwa kukumbatiana, hiyo si desturi yao. Kim Tiong alimkagua juu mpaka chini akasema amekonda kama kijiti, na kwamba kijiti kimoja hakiwezi kula tambi. Beng Swee akamweleza masharti ya binti. Mwenzake akautazama ule mkono, kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

"Basi ukimwaga," akasema, "mwagia upande ule. Viatu vyangu vipya."

Dakika arobaini zilipita. Mguu wa kulia ulianza kuwaka moto, akahamishia uzito kwenye wa kushoto, kisha akaurudisha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye alikuwa ameshalowa mpaka shingoni.

Mama Gek Noi haangalii wateja usoni. Huangalia sufuria, huuliza kubwa au ndogo, supu au kavu, na mkono wake unakuwa umeshaanza kabla hujajibu. Lakini aliposikia sauti ya Beng Swee ikisema kubwa, ya supu, upawa ulisimama hewani.

"Miezi minne," akasema. "Nilidhani umekufa."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Kamba waliomenywa au wenye maganda?"

Foleni nzima nyuma yake ilikuwa imeona ule mkono. Aliyemenyewa kamba hula kwa raha, hata mtoto anaweza. Kim Tiong akakohoa.

"Lini umenipa waliomenywa?" Beng Swee akajibu.

Mama Gek Noi akaitikia kwa kichwa mara moja, akatia tambi za njano na nyembamba nyeupe, mboga, vipande vya nyama, kamba sita wakubwa wenye vichwa vyao, vitunguu vya kukaanga na pilipili ya unga. Akamimina supu. Halafu mama yule, ambaye kwa miaka thelathini hakumwongezea mtu hata jani la kitunguu, akazamisha upawa mara ya pili na kumimina tena, taratibu, mpaka supu ikalamba ukingo wa bakuli. Beng Swee alitamani kumwambia basi. Lakini heshima ya namna ile haikataliwi, hata ikiwa ndiyo itakayokumaliza. Akashukuru, akashika trei.

Hatua kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Mkono wa kushoto ulibeba, wa kulia ulishikilia tu, na macho hayakutoka kwenye supu. Watu walimpisha. Akapita meza ya kwanza ya karibu, nayo, ajabu, ilikuwa tupu. Akaielekea. Akaona pakiti ya tishu katikati yake, akapita. Cha mtu ni cha mtu.

Alipoinua macho alimwona Siok Fen kule mwisho, amesimama, anamwashiria kwa mkono kuelekea chini. Weka. Weka hapo. Beng Swee alielewa mara moja, au alidhani ameelewa: binti anamwambia atue trei, inatosha, ameshindwa. Damu ikamchemka. Akatikisa kichwa na kuendelea.

Katikati ya ukumbi kidole kidogo cha kulia kililegea, cha pili kikakifuata. Trei ikainama. Supu ilisogea mpaka ukingoni, ikasimama pale ikifikiria. Na hapo hapo, umbali wa mkono mmoja, palikuwa na meza nyingine tupu. Angenyoosha tu, atue, mkono upumue. Juu yake palikuwa na pakiti ya tishu yenye waridi. Siok Fen alikuwa akipunga mikono yote miwili sasa.

Mtu mwingine angekaa. Mtu mwingine angesema mimi mzee, mgonjwa, mwenye tishu atanielewa. Beng Swee ana miaka sabini na moja na hajawahi kukalia tishu ya mtu, na hakuona sababu ya kuanza uhuni siku anayothibitisha kwamba bado ni yeye. Afadhali supu imwagike yote kwenye viatu vyake.

Basi alisimama pale pale, akavuta pumzi, akakumbuka giaboksi. Hakuna fundi anayebeba giaboksi kwa mikono. Mikono huielekeza tu, kinachobeba ni tumbo na kiuno. Akaivuta trei mpaka ikagusa tumbo, akakibana kiwiko cha kulia kwenye mbavu, akageuka ubavu, akaanza kwenda upande upande, hatua fupi fupi, kama kaa. Kuna waliocheka. Wacheke. Aliupita mkoba, akaupita mguu wa mtu aliyelala kitini, akampita mtoto aliyekuwa chini akitafuta kijiko. Nguzo ikaja. Sinki likaja. Akatua trei mbele ya binti yake, na alichokifanya kwanza, kabla hata ya kukaa, ni kupitisha kidole kwenye trei kuzunguka bakuli. Pakavu. Akamwonyesha kile kidole.

Siok Fen akakiinamia, akakikagua. Beng Swee akaketi, akashika vijiti. Tambi za kwanza zilimponyoka zikarudi bakulini bila kurusha tone. Za pili alizifikisha. Akavuta na supu kwa kijiko, na ule utamu wa vichwa vya kamba na mifupa iliyochemka tangu alfajiri ukateremka, pilipili ikifuata nyuma, akafumba macho. Alikuwa na furaha tele, na hakuona haja ya kuificha. Miezi minne ya uji ilikuwa ikifutwa, kijiko kwa kijiko.

Alikuwa amefika nusu ya tambi Kim Tiong alipotokea na trei yake, uso umekunjamana.

"Dunia imeisha," akasema. "Nazunguka mpaka supu inapoa. Kuna mtu kaweka tishu meza mbili, moja kule mbele, moja katikati, za waridi zote, na hakuna anayekuja. Meza mbili, mtu mmoja, Jumapili! Mama yake alimfunza nini huyo?"

Beng Swee alitazama pakiti iliyokuwa mezani kwao. Waridi. Akamtazama binti yake. Siok Fen alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na kiganjani mwake alikuwa ameibana pakiti ya nne, imepondeka kama limau lililokamuliwa. Zilikuwa nne mlangoni. Hata moja haikuwa ya kufuta supu.

"Nilipoona watu wananyanyuka huko karibu na wewe, niliziwahi," Siok Fen akasema polepole. "Kuna bibi kanitukana mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nilisema ubebe mpaka mezani, Baba. Sikusema meza ipi."

"Nilidhani unaniambia nikubali kushindwa."

"Nilikuwa nakuambia ukae."

Mzee akaweka vijiti chini. Binti huyu alikuwa ameweka masharti magumu, kisha akasimama asubuhi nzima akiomba yatimie, akila matusi ya ukumbi kwa ajili yake. Alichagua kamba mkubwa kuliko wote. Akamshika kwa kushoto, na kwa ule mkono wa kulia, wa kiharusi, akang'oa kichwa. Ganda la kwanza lilikuwa gumu, kidole kikateleza, akarudia. Mchuzi ulimtiririka mpaka kiwikoni. Kim Tiong alisimama na trei yake akitazama bila mzaha wowote, supu yake ikizidi kupoa. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyejaribu kusaidia. Kamba alipobaki mtupu, mweupe na mwekundu, Beng Swee akamweka kwenye kijiko akakisukuma mbele ya binti yake, kama alivyokuwa akimmenyea kila Jumapili alipokuwa mdogo, miguu haijafika chini.

"Kula," akasema. "Mwaka huu umenimenyea vya kutosha."

Siok Fen akala. Machozi yalimjaa, akaifungua ile pakiti iliyopondeka, ikapata kazi. Halafu akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa funguo za nyumba ya ghorofa ya nne, akaziweka mezani kando ya bakuli.

"Hongereni," Kim Tiong akasema. "Jungu kuu halikosi ukoko. Sasa mimi nikae wapi?"

Beng Swee alizitia funguo mfukoni kwa mkono wa kulia, akashika vijiti vyake tena.

"Nenda kakae ile ya katikati," akasema, kwa sauti ya kusikika meza tano. "Wakikuuliza ni tishu ya nani, waambie ni ya mwanangu."