Saa Moja ya Angani

Hilaria ndiye aliyesema saa moja. Alimwinamia baba yake asubuhi, akamwambia, "Rodney anakuja na ndege, baba. Dar mpaka KIA ni saa moja tu na dakika kidogo." Basi mzee Athanas, ambaye saratani ilikuwa imembakizia mifupa na ukaidi wake, akakisukuma kijiko cha dawa ya maumivu. Dawa ile ilikuwa ikimlaza fofofo, naye alitaka kuwa macho mwanawe atakapoingia.

Walikuwa hawajasemeshana miaka mitatu. Mzee akiwa amelazwa hospitali huko Moshi, hana habari, Rodney aling'oa mibuni yote ya babu yake akapanda maparachichi. Sasa alikuwa tayari kuomba radhi kwa jani la isale. Jani hilo likishaletwa, Mchagga hana pa kukwepea, lazima asamehe. Ila mzee alishasema: alilete mwenyewe, kwa mkono wake. Hilaria alikuwa amelichuma mpakani mwa kihamba, shamba lao la ukoo, akaliweka kwenye kikombe cha maji kando ya kitanda.

Kumbe saa ile moja ilikuwa ya angani tu. Nani aliihesabu foleni ya kwenda uwanjani, na kukaa kungoja, na ndege kuchelewa kuruka? Adhuhuri ikapita. Mzee aling'ata shuka ili asipige kelele. Alasiri simu ikalia.

"Dada, wameturudisha Dar! Tumezunguka juu ya KIA weee, mawingu matupu, rubani haoni kitu. Kilele cha mlima nimekiona dirishani, kimetokeza juu ya mawingu, dada. Nilikuwa hapo hapo!"

Hilaria aliketi sakafuni. Alfajiri Rodney alitaka kupanda basi, yeye ndiye aliyemkataza, eti basi litakula siku nzima. Kwa basi saa hizi angekuwa ameshapita Same, yu karibu kufika. Alijichukia.

"Yuko wapi?" mzee aliuliza, macho kayafumba kwa maumivu.

"Kunywa dawa kwanza, baba."

"Yuko wapi?"

Hakuweza tena kumtazama akiteseka. Alilichukua jani, akalitia kwenye kiganja cha baba yake bila kusema neno. Mzee akalipapasa. Kisha akaupapasa mkono uliolileta, kidole kwa kidole, mpaka kwenye sugu za jembe.

"Mkono huu ni wako, Hilaria."

"Nisamehe, baba. Ndege imerudi Dar. Lipokee kwangu."

"Wewe hujanikosea kitu, mwanangu."

Akamrudishia jani taratibu, bila hasira. Afadhali angekasirika. Kisha akafungua kinywa mwenyewe, akangoja kijiko.